Mkalimani wa C na Pareto ya Kilolo

Kila kijana anayepanda hadi kwangu Uyole na kompyuta mgongoni huuliza swali lilelile, na wengine huliuliza kabla chai haijapoa: achague mkalimani gani wa C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Anadhani nitamtajia jina moja, aliandike kwenye simu, aende zake. Sitaji jina. Majina hubadilika kila baada ya miaka michache kama mitindo ya suruali. Ninamwambia akae, na kwa kuwa mara nyingi huwa ni asubuhi, ninamwonyesha ukungu.

Asubuhi hapa kwangu huwezi kuona hata uzio wa jirani. Tangu niache kazi nimeupenda sana ukungu huo. Nakaa kibarazani na blanketi miguuni, na badala ya miti naona mistari ya programu nilizoandika zamani ikipita polepole, myeupe juu ya weupe, mingine nilikuwa nimeisahau kabisa. Haina haraka, na mimi sina haraka. Mara moja moja mstari mmoja husimama mbele yangu na kunitazama, nami najua huo ni ule wa Kilolo.

Lakini kwanza mnijue. Nina stashahada, moja tu, nami nimeitundika sebuleni juu ya runinga, mahali ambapo wenzangu hutundika picha ya harusi. Kwa stashahada hiyo nilipanda treni kwenda Zambia na begi moja la nguo, nikaandika programu za kuendesha mashine za kusaga mawe ya shaba, na mashine zile zilisaga miaka mingi bila kulalamika. Nilijenga nyumba hii kabla sijarudi. Wenye shahada mbili wamekaa kwenye kiti hicho ulichokalia wewe, wakiandika ninayosema. Nayasema haya mapema kwa sababu hadithi yenyewe hainisifu, na mtu akijua ataanguka mbele ya watu, ni haki yake kutembea kwa maringo kabla ya kufika kwenye tope.

Sasa sikilizeni. C ni lugha ya kuandikiwa, kama barua. Unaandika programu nzima mpaka mwisho, unaikabidhi kwa kompaila, kompaila inaigeuza yote kuwa lugha ya mashine, ndipo mashine inaitenda. Mkalimani yeye ni kama yule mzee wa kanisa anayesimama kando ya mchungaji mgeni. Mchungaji anasema sentensi moja, yeye anaisema kwa Kihehe, waumini wanaitikia, wanaendelea. Ukiwa na mkalimani wa C unaandika mstari mmoja na kujibiwa hapohapo. C haikuzaliwa naye. Watu walikuja baadaye wakamtengeneza, kila mmoja kwa namna yake, ndiyo maana kuna kuchagua.

Na yeyote aliyekaa kwenye makanisa ya kwetu anajua kwamba wakalimani hawafanani. Yupo anayeruka asichokielewa, akatabasamu na kuendelea. Yupo anayepamba, mahubiri yakatoka matamu kuliko yalivyoingia. Na yupo anayemsimamisha mchungaji katikati, akamwambia hapo hajaelewa, arudie. Huyo waumini hawampendi, maana ibada inachelewa na ugali nyumbani unapoa.

Kule Kitwe, Zambia, alinifundisha kazi fundi mkuu mmoja, Bwana Mulenga, mtu mfupi, mkimya, aliyevaa koti la mvua hata siku za jua. Kila kifaa kipya kilichoingia karakana alikipa kwanza kosa analolijua. Ikija mita mpya ya umeme, haanzi na betri nzima. Anachukua betri iliyokufa, anaipima. Mita ikisema betri ni nzima, anairudisha kwenye boksi, na hataki kusikia habari zake tena. Mimi nilicheka. Nilikuwa kijana, nimetoka chuo, nilijua kifaa hupimwa kwa kile kinachoweza kufanya. Yeye alikipima kwa kile kinachokataa kufanya. Somo lile nililibeba miaka yote ya Zambia, nikavuka nalo mpaka Tunduma, halafu nikalisahau siku ile tu niliyopaswa kulitumia.

Basi, Kilolo.

Kikundi cha wakulima wa pareto, wengi wao akina mama, kilikuwa kimepata kikaushio: chumba chenye trei za waya, jiko la kuni upande wa nyuma, na feni inayosukuma hewa ya moto ndani. Walitaka feni iendeshwe na bodi ndogo ya elektroniki yenye programu, iongeze hewa ya moto chumba kikipoa na kuipunguza kikizidi. Waliuliza Iringa mjini, wakauliza Mbeya, na kote walitajiwa mtu mmoja. Huyo mtu ndiye mimi.

Pareto ni ua jeupe lenye moyo wa njano, na dawa ya kuua wadudu imo humo moyoni. Ukilikausha kwa moto mkali dawa inakufa. Ukichelewa kulikausha, linachacha kikapuni. Na Kilolo ukungu ukiamua kukaa, jua hulioni siku nne, tano. Mnunuzi alikuwa amekwisha kukataa pareto yao mara mbili. Akikataa mara ya tatu, angehamia bonde jingine asirudi, nao wangeng'oa mashina yote na kupanda viazi. Mwenyekiti wao, Mama Vitusi, alinieleza hayo siku ya kwanza bila kupandisha wala kushusha sauti, huku akisugua ua moja kati ya vidole viwili mpaka likawa unga.

"Hili limekauka," akasema. "Mashine yako ijue hivi."

Nikamwambia mashine yangu itajua kuliko vidole. Akapangusa unga vidoleni.

"Wanyakyusa," akasema, akilitaja kabila langu kama mtu anayetaja hali ya hewa, akaondoka kwenda kugeuza trei.

Mtu wa pili wa kikundi kile mnayepaswa kumjua ni Leonsia. Alikuwa fundi wao, binti wa hapohapo, ana cheti cha ufundi wa umeme, na C alikuwa amejifunza mwenyewe kwa kusoma kwenye simu. Mimi nikiondoka, yeye ndiye angebaki na mashine. Aliniita Injinia, jambo ambalo stashahada yangu hailiruhusu, nami sikumsahihisha.

Tulihitaji mkalimani kwa sababu hii. Bodi ilikuwa imefungwa kwa skrubu ndani ya sanduku la bati nyuma ya jiko. Kila nilipobadilisha mstari mmoja ilibidi nikompaili, nizime umeme, nifungue skrubu sita, nipakie programu, nifunge, niwashe. Saa nzima kwa kosa la herufi moja. Nikiwa na mkalimani kwenye kompyuta yangu, ningeweza kukaa ofisini, nikaandika kipande cha hesabu, nikakiuliza: chumba kikiwa na nyuzi hamsini utafanya nini? Kinanijibu. Kikiwa na nyuzi sitini? Kinanijibu. Huo ndio utamu wa mkalimani, vijana, msimruhusu mtu awaambie ni anasa.

Tuliweka watatu mezani. Wa kwanza alikuwa mdogo na mwepesi, anawaka hata kwenye kompyuta mbovu, lakini ukisahau kuweka namba ndani ya kisanduku cha programu, yeye anakuwekea sifuri kimyakimya na kuendelea. Huyo tulimwacha mapema. Wa pili alikuwa mkubwa, anaelewa kila kitu, anajibu kabla hujainua kidole, anachora grafu za rangi, na ukikosea anajaribu kukisia ulichotaka. Wa tatu alikuwa mzito. Kabla ya kumwambia lolote alikutaka umweleze mashine gani itakayotenda programu hiyo, visanduku vyake vya namba vina upana gani, na baada ya hapo alikwenda mwendo wa konokono, akisimama kila mahali kulalamika.

Leonsia alimtaka wa tatu. Alisema yeye ndiye atakayebaki hapa peke yake, hivyo anataka mtu wa kumwambia amekosea.

"Mimi ndiye nitakayekuambia," nikasema.

"Wewe utakuwa Mbeya, Injinia."

Nikamweleza, kwa upole wa mtu aliyevuka mipaka, kwamba kule Zambia hatukuwa na muda wa konokono. Nilimchagua wa pili. Leo nikiangalia nyuma naona wazi kwamba nilimchagua kwa sababu alifanana na mimi. Mtu akichagua chombo, mara nyingi anachagua kioo.

Yalifuata majuma mawili ambayo bado nayaota. Ofisi ya kikundi ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha linaloangalia mashamba, na mashamba hayakuonekana, ukungu tu, na ndani ya ukungu sauti za akina mama wakichuma na kuitana kutoka tuta hadi tuta, na mara moja moja kitambaa chekundu cha kichwa kikielea peke yake kama kimepotea. Harufu ya pareto mbichi iliingia na kukaa kwenye karatasi. Mimi niliandika mstari, mkalimani akajibu. Nikaandika, akajibu. Sikusikia njaa. Wakati mwingine nilisahau nani anauliza na nani anajibu. Nilimpa nyuzi hamsini, akapunguza feni. Nikampa sitini, akaizima. Nilimpa hata mia, akachora mstari mwekundu mzuri ukishuka kama kijito. Nikajiambia, haya ndiyo niliyorudi nyumbani kuyafanya.

Tulipopakia programu kwenye bodi yenyewe, tulijaribu asubuhi moja, trei zikiwa tupu na jiko likiwa na kuni chache. Mnajua baridi ya Kilolo. Chumba kilipanda hadi nyuzi thelathini na kitu, kikagoma hapo. Bodi ilisoma sawasawa, feni iliongeza hewa sawasawa. Leonsia alisema tuongeze kuni tuone ikifika hamsini. Nikasema hamsini nimeshaiona kwa mkalimani mara mia, kuni za watu zisichezewe. Nilisema hivyo mbele ya Mama Vitusi, ili ajue natunza mali zao.

Siku iliyofuata wakajaza trei. Maua ya familia sita yaliingia yakiwa yamechanganywa, na vikapu vingine vikapangwa ukutani vikisubiri zamu ya mchana. Jiko likawashwa kweli. Nilikaa nje juu ya gogo nikiwaeleza akina mama habari za Zambia, na walikuwa wasikilizaji wazuri, mpaka Mama Vitusi alipoinuka katikati ya sentensi yangu. Alikuwa amesikia harufu. Alifungua mlango wa kikaushio, joto likatupiga usoni kama sufuria ya ugali iliyofunuliwa. Akachukua ua kwenye trei ya juu, akalisugua.

"Ngozi imeungua, moyo ni mbichi," akasema. "Zimeni."

Leonsia akazima feni, wengine wakafungua milango yote. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya sanduku la bati, nikitazama kioo kidogo kinachoonyesha nyuzi za chumba. Kilisema kumi na mbili chini ya sifuri. Jasho lilikuwa linanitoka, na bodi yangu ilisema tunaganda, ndiyo maana ilikuwa imesukuma feni hadi mwisho.

Mama Vitusi alichungulia begani kwangu akaomba asomewe. Nikamsomea.

"Hata Kilolo hatujawahi kufika huko," akasema.

Hakuna aliyecheka. Trei tano kati ya nane zilikuwa zimeharibika, na vikapu vya ukutani vilikuwa vimeanza kupata joto lavyo vyenyewe katikati, lile la maua yanayotaka kuchacha. Mnunuzi alikuwa anakuja mwisho wa juma. Nje hakukuwa na jua la kumsaidia mtu yeyote.

Nilirudi ofisini mbio, nikamuuliza mkalimani wangu. Nyuzi sabini? Akanijibu vizuri kabisa, akachora na mstari. Nikamuuliza tena, akanijibu vizuri tena. Aliyeharibu yuko kwenye bodi, na mkalimani wangu anasema hakuna kilichoharibika.

Leonsia alikuwa ameketi upande wa pili wa meza na kompyuta yake, ile yenye kona iliyopasuka. Alikuwa ameshamweka yule wa tatu siku nyingi bila kuniambia, na alikuwa amemweleza bodi yetu ni ya aina gani. Akampa programu yangu na nyuzi sabini. Konokono akaanza kutembea. Nilisimama nyuma yake nikisikia matone ya ukungu yakidondoka kutoka kwenye bati. Mstari wa kwanza, wa pili, wa kumi. Halafu akasimama, akaukataa mstari mmoja, ule ule unaokuja kunitazama kibarazani. Alisema jumla hii haiingii kwenye kisanduku hiki.

Nitawaeleza, maana hapa ndipo penye elimu. Kipimajoto kilituma nyuzi kwa vipande vya mia: nyuzi arobaini ni 4000. Kwa kuwa kipimajoto hutetemeka, nilisoma mara nane, nikajumlisha, nikagawa kwa nane. Kisanduku cha kawaida cha namba kwenye bodi ndogo kama ile hakipokei zaidi ya 32,767. Ukipita hapo, namba inapinduka na kuwa hasi. Mara nane ya nyuzi arobaini ni 32,000, inaingia. Mara nane ya nyuzi arobaini na moja haiingii. Kwenye kompyuta yangu kisanduku chenye jina hilohilo ni kipana mno, kinameza jumla yoyote, na mkalimani wangu alikitumia hicho bila kuuliza. Ndiyo maana alinijibu vizuri. Alikuwa anatafsiri kwa ajili ya nyumba kubwa, na msikilizaji wetu aliishi kwenye kibanda. Na baridi ya Kilolo, siku ya kujaribu, ilituzuia kufika hizo nyuzi arobaini na moja. Mtu wa Dar es Salaam asingelifanya kosa lile. Angefika arobaini bila kuwasha kuni.

Dawa yake ilikuwa neno moja: jumla ile ipewe kisanduku kipana. Leonsia alinigeuzia kompyuta niandike mimi. Nikamwambia aandike yeye. Akaandika, konokono akapita mpaka mwisho bila kusimama. Hatukumwamini yeye peke yake pia. Tulifungua skrubu sita, tukapakia, tukaweka trei moja tu, tukachochea kuni mpaka kioo kikasoma arobaini na mbili, hamsini, hamsini na tatu, na feni ikashusha pumzi yenyewe. Kisha vikapu vya ukutani vikaingia.

Wakati vinakauka ilibidi niseme. Ningeweza kusema bodi ni mbovu, nani angejua? Leonsia angejua, na hakuwa akinitazama, jambo lililokuwa zito kuliko kama angenitazama. Nikasimama mbele ya familia sita nikasema kosa ni langu, nilishauriwa na sikusikia, na binti huyu ndiye aliyeliona. Sijawahi kutoa hotuba fupi kama ile.

Kikundi kile kina desturi yake. Aliyeharibu maua ya wenzake huenda shambani kwa kila aliyeharibiwa na kumchumia kikapu kimoja, kwa mkono wake, bila kutuma mtu. Mama Vitusi alinieleza kana kwamba ananielekeza njia ya kwenda kisimani. Nikahesabu: vikapu sita. Nikawaambia watu wa Rungwe tumechuma chai tangu utotoni, vikapu sita ni kazi ya siku moja.

Kwa hiyo nawaambia hivi kabla sijamaliza. Mkalimani mwepesi anafaa kumfundisha mtoto wa shule mistari ya kwanza. Mwenye grafu anafaa kwa mtu anayecheza na mawazo, na mimi bado ninaye, napenda kumtazama. Lakini kazi ikiwa ya kuwekwa kwenye mashine ya watu, usimchague mkalimani kwa majibu yake mazuri. Mpe makosa unayoyajua: kisanduku usichokijaza, orodha unayoisoma kupita mwisho wake, jumla isiyoingia. Anayekukatalia makosa yote matatu ndiye wako, hata akitembea kama mgonjwa. Muulize anatafsiri kwa ajili ya mashine ipi. Na baada ya yote hayo nenda kwenye mashine yenyewe, uipeleke mpaka kwenye joto itakalofanyia kazi, kwa kuni za kweli.

Vikapu sita havikuwa kazi ya siku moja. Ua la pareto ni jepesi kama pumzi, unachuma na kuchuma na kikapu hakipandi. Nilikuwa tuta moja na Mama Vitusi, ukungu umetufunika mpaka kiunoni, mikono yangu ikienda peke yake, na akili yangu ikielea mahali fulani ambapo hapakuwa na Zambia wala stashahada. Kila nilipojaza nusu, alichagua yale niliyoyachuma kabla ya kufunguka vizuri, akayatupa. Siku ya tatu kikapu cha nne kilikuwa kinajaa tuliposikia Leonsia akipanda mlima huku akituita. Hatukumwona mpaka alipokuwa hatua tano kutoka kwetu. Alikuwa anahema, na viganja vyake vilikuwa na unga wa njano.

Mnunuzi alikuwa amekuja, akasema. Alifungua magunia yote, akasugua maua ya kila gunia, akayachukua yote.

Nilinyoosha mgongo kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Nilikuwa na maneno mazuri tayari, kuhusu programu, kuhusu ushirikiano, kuhusu watu waliosafiri. Mama Vitusi hakuinua kichwa. Vidole vyake viliendelea kuchuma, ua baada ya ua.

"Tumeshukuru," akasema. "Wewe bado una viwili."